Nyama za Mwili Zikicheza: Mwongozo kwa Aliyeingiwa na Hofu

Jicho likicheza, watu wengi wa kwetu hawashtuki. Mtu atasema anakuja mgeni, au kuna jambo la kumliza, kutegemea ni la kulia au la kushoto na kutegemea bibi yake alimwambiaje, kisha anaendelea na kazi. Mambo hubadilika pale kinapocheza kigimbi, au paja, au nyama ya bega, tena usiku, tena siku ya tatu mfululizo, na simu ina bando. Unaandika maneno mawili matatu kutafuta sababu, na kabla hujamaliza kushusha ukurasa wa kwanza umeshakutana na herufi tatu: ALS. Usingizi unaishia hapo.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyefika hapo. Kazi iliyo mbele yako ina sehemu mbili, na ni lazima zifuatane: kwanza upimwe vizuri na daktari, mara moja, halafu uache kujipima. Wengi hufanya kinyume chake. Daktari wanamkwepa kwa kuogopa jibu, lakini wenyewe wanajipima kutwa kucha.

Unaogopa nini hasa

ALS ni ugonjwa wa neva zinazopeleka amri kutoka ubongoni, kupitia uti wa mgongo, hadi kwenye misuli. Neva hizo, ziitwazo neva za mwendo, hufa kidogo kidogo. Msuli uliokosa amri hunywea, na mtu hupoteza nguvu za mkono au mguu, kisha za kusema, kumeza na mwishowe kupumua. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeanza kuueleza kwa kina, mwaka 1869. Mpaka leo hauna dawa ya kuuponya, na hilo sitakuficha.

Lakini jiulize umeujuaje. Huenda ni kwa Stephen Hawking, aliyeambiwa anao mwaka 1963 akiwa na miaka 21 na akaishi nao mpaka 2018. Au ni kwa Joost van der Westhuizen, aliyetwaa Kombe la Dunia la raga na Afrika Kusini mwaka 1995, akagundulika kuwa nao mwaka 2011 na kufariki 2017. Au ni zile video za 2014 za watu kujimwagia ndoo za maji ya barafu. Sifa za ugonjwa huu zimefika mbali kuliko ugonjwa wenyewe. Katika nchi za Ulaya, ambako wagonjwa wamehesabiwa kwa miaka mingi, wapya ni wawili au watatu hivi kwa mwaka katika kila watu 100,000, na wengi wao wamevuka miaka 50. Kucheza kwa nyama za mwili, kwa upande wake, humpata karibu kila mtu kwa wakati wake.

Kinachotokea ni hiki. Kila uzi wa neva ya mwendo unahudumia kifungu cha nyuzi za msuli. Uzi huo ukijifyatua wenyewe bila amri, kifungu chake kinaruka, nawe unaona ngozi inatikisika. Hufanya hivyo ukichoka, ukikesha, ukiogopa, au pasipo sababu ya kuonekana. Hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani iliwafuatilia watu 121 waliokuwa na hali hii bila dalili nyingine. Matokeo yakachapishwa mwaka 1993. Wengine walifuatiliwa kwa miaka 2, wengine hadi 32. Hakuna hata mmoja aliyepata ugonjwa wa neva za mwendo. Inafurahisha kidogo kujua kwamba katika kundi hilo wahudumu wa afya hawakuwa haba: wanaojua magonjwa mengi ndio wanaoogopa zaidi.

Sasa shika jambo moja, maana ndilo daktari atakalolitafuta. Anayeugua ALS kwa kawaida huanza kwa kushindwa kufanya kitu. Kandambili inamvuka mguuni bila yeye kujua, kwa sababu unyayo hauinuki tena. Anashindwa kufunga kifungo cha shati, kuzungusha ufunguo kwenye kufuli, kukamua nguo aliyoifua. Ulimi unakuwa mzito mpaka watu kwenye simu wanamuuliza kama amelewa. Maji au chai vinampalia mara kwa mara. Nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada inabonyea, na ya upande wa pili haijabonyea. Kucheza kwa misuli kunakuwepo, lakini mara nyingi mgonjwa mwenyewe hakukugundua. Daktari ndiye aliyekuona.

Kushindwa si sawa na kuchoka. Hofu hulegeza miguu, ndiyo, na mtu aliyekesha wiki nzima huhisi mikono mizito kama si yake. Ila ngazi anapanda, ndoo ya maji ananyanyua, tonge anafinyanga. Basi usijiulize kama kiungo kinacheza. Jiulize kama kinafanya kazi.

Kabla hujafika hospitali

Kagua maisha yako ya mwezi uliopita. Kahawa, chai ya rangi iliyokolea, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi vyote huziamsha neva. Pombe nayo, hasa kesho yake. Mazoezi makali uliyoyaanza baada ya muda mrefu wa kukaa. Kuharisha au kutapika, kunakoondoa chumvichumvi mwilini. Baadhi ya dawa: salbutamol ya pumu, dawa za kukojoza za wagonjwa wa presha, na baadhi ya dawa za sonona. Hizi usiziache kwa uamuzi wako, mwambie aliyekuandikia. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta mambo haya, pamoja na moyo kwenda mbio, jasho na kukonda.

Yapo mambo mawili yasiyosubiri miadi. La kwanza ni sumu ya wadudu. Kama umetoka kupulizia dawa shambani, misuli ikaanza kucheza huku mate, machozi na jasho vinatoka kwa wingi, kifua kinabana au unatapika, hiyo ni sumu imeingia mwilini. Vua nguo ulizovaa ukipulizia, oga kwa sabuni, ukimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, na kopo la dawa lichukuliwe ili daktari asome ni ya aina gani. La pili ni udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda upande, au maneno kupotea kwa dakika chache. Hayo yachukulie kuwa kiharusi mpaka daktari aseme vingine.

Kama mzee nyumbani amesema ni jini au ni mkono wa mtu, usigombane naye. Dua na maombi havizuii kwenda hospitali, na wapo wanaotulizwa navyo kweli. Kataa tu kunywa kitu usichokijua na kuchanjwa kwa wembe.

Siku ya daktari

Andika kwenye karatasi mambo machache: kulianza lini, ni wapi, unatumia dawa gani, na je, kuna kitu ulikuwa unakiweza ambacho sasa hukiwezi. Kisha taja hofu yako kwa jina lake. Watu wengi huona haya, wanasema “naumwaumwa tu mwili,” wanaandikiwa dawa ya maumivu na kurudi na hofu ile ile. Sema: “Daktari, misuli yangu inacheza, na ninaogopa kuwa ni ALS.” Ukishasema hivyo, naye anajua anapaswa kuchunguza nini na kukujibu nini.

Uchunguzi wenyewe ni wa mikono zaidi kuliko mashine. Atakuvua shati atazame misuli. Atakuambia usukume, uvute, ubane. Atagonga magoti na viwiko kwa nyundo ya mpira. Atakutembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Atautazama ulimi ukiwa umetulia ndani ya mdomo. Anaweza kuagiza damu ipimwe potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na homoni za tezi. Kile kipimo cha kusoma umeme wa misuli na neva kwa sindano, EMG, hupatikana katika hospitali chache kubwa, nacho si cha kila mtu. Kama nguvu zako ni kamili na uchunguzi ni safi, daktari ana haki ya kukuambia hukihitaji, na kukataa huko usikuone ni uzembe.

Kabla hujainuka, uliza maswali mawili: “Umeona udhaifu wowote au msuli ulionywea?” na “Kitu gani kikitokea nirudi?” Majibu yaandike palepale mbele yake, pamoja na tarehe. Karatasi hiyo itunze. Ndiyo hukumu ya kesi yako, na haikatiwi rufaa kila wiki.

Nasema hivyo kwa sababu najua kinachofuata. Daktari wa kwanza akisema huna kitu, unatafuta wa pili. Wa pili akisema hivyo hivyo, unaambiwa kuna mahali wanapima mwili mzima kwa dakika moja. Unashikishwa kijichuma kiganjani, kompyuta inatema kurasa za matokeo, ini linasumbua, neva zimechoka, na mezani, kwa bahati njema, kuna vidonge vya kutibu yote hayo. Mashine ya namna hiyo haiwezi kusoma neva zako. Okoa hela yako. Sindano za vitamini B za kuchomwa dukani bila kupimwa nazo si dawa ya hofu, na vitamini B6 ikitumiwa kwa kiwango kikubwa kwa muda mrefu huharibu neva yenyewe na kuleta ganzi, ambayo nayo utaianzishia safari nyingine ya intaneti.

Kuacha kujipima

Hapa ndipo penye kazi. Tuseme ni nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam, saa nne usiku. Baba Neema amekaa ukingoni mwa kitanda, suruali imekunjwa hadi gotini, tochi ya simu inamulika kigimbi.

“Mama Neema, hebu njoo uone. Hiki cha kushoto si kimepungua?”

Mama Neema anaacha nguo alizokuwa anakunja, anainama, anatazama. “Viko sawa, Baba Neema. Daktari si alishakuambia?”

Baba Neema anashusha pumzi. Ahueni ile inadumu mpaka taa inapozimwa. Gizani kinacheza tena, sasa ni cha kulia, na swali linarudi kwa sura mpya: je, kama Mama Neema hakuangalia vizuri?

Kuulizia kwa namna hii ni kukata kiu kwa maji ya bahari. Kila jibu linatuliza kidogo na kuongeza haja ya jibu jingine. Mtu wa hofu hakosi majibu, anayo tele. Anachokosa ni kukaa na swali lisilojibiwa mpaka limchoke. Na hapa lazima niseme ukweli usiopendeza: hakuna daktari atakayekuhakikishia kwamba hutaugua maishani. Hata jirani yako anayelala usingizi mzito hana uhakika huo. Tofauti yenu ni kwamba yeye haudai.

Anza na vipimo vya nyumbani. Orodhesha unavyojipima: kutembea kwa visigino koridoni, kupima mapaja kwa tepu ya fundi cherehani, kulinganisha viganja, kutoa ulimi mbele ya kioo. Vingi kati ya hivi vinadanganya. Ulimi uliotolewa nje hutetemeka kwa kila mtu. Ndiyo maana daktari aliutazama ukiwa mdomoni. Mkono unaoandikia mara nyingi ni mnene kuliko mwenzake. Vibonde na mikunjo mwilini vilikuwepo siku zote, ila hukuwahi kuvimulika tochi. Na msuli uliolazimishwa kusimama kwa vidole mara thelathini kwa siku utachoka, na ukichoka utacheza.

Usiape kuviacha vyote leo, maana hutaweza. Ahirisha. Hamu ya kujipima ikija, jiambie utajipima baada ya dakika kumi, kisha ufanye kazi inayoshika mikono: osha vyombo, piga pasi, chambua mchele. Dakika kumi zikipita na hamu bado ipo, ongeza kumi nyingine. Wiki inayofuata iwe nusu saa. Utaona jambo ambalo hakuna wa kukueleza ukaamini mpaka ulione mwenyewe: hamu hupanda, hufika kileleni, halafu hushuka bila wewe kuitii.

Mwenza wako naye afundishwe. Mkae mkubaliane mchana, si usiku wakati hofu imepanda. Baba Neema akiuliza tena, jibu ni moja, la upole, lisilo na kigimbi ndani yake: “Tulikubaliana hilo sitalijibu. Njoo unisaidie kukunja hizi.” Mara za kwanza atakasirika. Avumilie, na Mama Neema avumilie zaidi, kwani huruma ya kutazama tena ndiyo iliyokuwa inalisha jambo hili.

Kutafuta kwenye simu kuache kabisa. Hapo kuahirisha hakutoshi. Wala usidhani ni ugonjwa wa zama hizi. Mwingereza Jerome K. Jerome, katika kitabu chake Three Men in a Boat cha mwaka 1889, anasimulia mtu aliyekwenda maktaba kusoma kuhusu ugonjwa mmoja mdogo, akatoka akiamini anayo magonjwa yote ya kitabuni isipokuwa mmoja tu. Watu wakacheka, kwa sababu walijijua. Tofauti ni kwamba ile maktaba ilikuwa na saa za kufungwa. Simu yako ilale sebuleni, na kama ni saa ya kuamkia unayoihitaji, nunua saa ya mezani.

Kuhusu kucheza kwenyewe, fanya jaribio hili sasa hivi. Weka kiganja cha kulia juu ya paja na ukisikilize kwa dakika mbili, usifikirie kingine. Kitaanza kuwasha, au kupata joto, au kutekenya. Hakukuwa na kitu. Umepeleka akili pale tu. Kigimbi chako kimekuwa kikisikilizwa hivyo kwa wiki kadhaa. Kikicheza, usikifukuze na usikifuatilie. Sema kimoyomoyo “kinacheza,” halafu rudi kwenye sentensi uliyokuwa unaiongea.

Pumzi nayo ina sehemu yake. Mwenye hofu hupumua haraka haraka bila kujua, hutoa hewa chafu kuliko inavyotakiwa, damu hubadilika kidogo, na neva huwa rahisi zaidi kujifyatua. Ndipo ganzi ya midomo na vidole inapotokea, nawe unasema “hii nayo ni dalili.” Vuta pumzi polepole kwa pua, itoe polepole zaidi kwa mdomo, tumbo lishuke. Dakika tano zinatosha.

Kwa mawazo yenyewe, yatengee saa yake. Chagua dakika 15, tuseme saa kumi na mbili jioni, kamwe isiwe kitandani. Wazo likija mchana, liandike neno moja na uliambie lisubiri. Jioni kaa, wazia yote kwa bidii, muda ukiisha funga daftari. Wengi hufika saa hiyo wakakuta nusu ya yale waliyoyaandika hayana nguvu tena.

Na rudi kwenye mwili wako kama mtu anayeutumia. Mpira wa jioni, kutembea hadi sokoni, kulima. Ukishacheza mpira vigimbi vitaruka usiku, tena sana. Ni vya mchezaji yeyote.

Ikigoma

Tarajia hofu kuhama. Ukishaizoea misuli, siku moja utasikia koo linawasha au kichwa kinauma, na akili itakimbilia huko. Jiwekee kanuni: dalili mpya isiyo kali, ambayo haimo kwenye karatasi ya daktari, unaipa wiki mbili kabla ya kuamua lolote. Nyingi zitakuwa zimeondoka. Iliyobaki, nenda nayo kwa daktari yule yule anayekujua.

Kama baada ya miezi miwili bado hulali, huli, kazi imekwama, au umeanza kuona afadhali kufa kuliko kusubiri ugonjwa, hapo tafuta msaada wa hofu yenyewe, na kama ni wazo la kujiua, nenda hospitali leo ukiwa na mtu. Hofu ya ugonjwa inatibika. Tiba yenye ushahidi mzuri ni ya mazungumzo, inayomfundisha mtu kubadili anavyowaza na anavyotenda, yale yale uliyoyasoma hapo juu ila ukiwa na wa kukushika mkono. Nchini Uingereza, watafiti walioongozwa na daktari wa akili Peter Tyrer waliwapa vikao vichache vya tiba hiyo watu wenye hofu hii waliokuwa wakihudhuria kliniki za kawaida za hospitali. Nafuu ilibaki kwa miaka, na wauguzi waliofunzwa waliifanya kazi hiyo vizuri sana. Huhitaji basi kusubiri bingwa. Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda amewafunza kina bibi kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo mazito, na utaratibu huo umefika hadi Zanzibar. Kwingine, hospitali nyingi za wilaya na mkoa zina kitengo cha afya ya akili chenye muuguzi au daktari wa kuzungumza nawe. Zipo na dawa pia. Baadhi yake huongeza kucheza kwa misuli wiki za mwanzo, kwa hiyo uambiwe mapema usije ukazitupa.

Inawezekana misuli yako iendelee kucheza miezi, hata miaka. Usikufanye huko kuwa kipimo cha kupona. Kipimo ni kama unalala, unafanya kazi na unakaa na watu wako.

Ukienda kwa mhudumu, usianze na kigimbi. Anza hivi: “Ninaogopa ugonjwa, na hofu hii inanimalizia siku zangu.” Aliyefunzwa ataanzia hapo.